Kabla ya Pango, Bonde

Safari ya siku moja kwenda Mapango ya Amboni huuzwa kwa jina la pango, na hapo ndipo inapoanza kupungua thamani. Mgeni huchukuliwa mjini Tanga kwa gari, hupelekwa kama kilomita nane kufuata barabara ya Horohoro, hushushwa Kiomoni, humulikiwa tochi, huonyeshwa mwamba uliofanana na tembo na mwingine uliofanana na kochi, hupiga picha mlangoni, kisha hurudishwa mjini kabla ya chakula cha mchana. Ameona kitu kizuri, lakini hakuna aliyemweleza kimetoka wapi. Mto Mkulumuzi, ambao bila huo pasingekuwa na pango lolote la kuonyeshwa, pengine hakutajiwa hata jina.

Baadhi ya waandaaji wameanza kuongeza baiskeli kwenye ratiba, na hili ni jambo jema kuliko wao wenyewe wanavyojua. Kwa kawaida baiskeli huwekwa kama burudani, saa moja ya kupunga upepo baada ya kazi kubwa ya pango kwisha. Mimi nashikilia kinyume chake. Baiskeli ndiyo inayoweza kulieleza pango, kwa sababu mapango ya Amboni ni kazi ya bonde zima, na bonde halisomeki kupitia kioo cha Noah inayokimbilia mlangoni.

Tuanze na jiwe lenyewe. Mawe ya chokaa ya Amboni yana umri wa takriban miaka milioni 150, zama za Jurasiki, wakati sehemu hii ilipokuwa chini ya bahari ya kina kifupi na magamba ya viumbe yakijilundika sakafuni. Eneo lote la mawe hayo hukadiriwa kuwa kilomita za mraba 234. Ardhi ilipoinuka na bahari kurudi nyuma, mvua ikaanza kazi. Maji ya mvua huchukua hewa ya kaboni dayoksaidi, kidogo angani na nyingi zaidi udongoni, ambako mizizi na vijidudu hupumua. Yakishaichukua huwa asidi hafifu mno; mtu anaweza kuyanywa asihisi chochote, lakini jiwe la chokaa huyahisi. Ufa hupanuka, huwa mfereji, mfereji huwa ukumbi. Mto nao ulikuwa ukichimba bonde lake na kushuka, na kadiri ulivyoshuka maji ya ardhini yalishuka pamoja nao, hadi kumbi zilizokuwa zimejaa maji zikabaki tupu. Humo ndimo tunamoingia leo.

Yale mapambo yanayoning'inia darini ni kazi hiyo hiyo ikirudi kinyumenyume. Tone lililopita udongoni limebeba chokaa iliyoyeyuka. Likifika kwenye uwazi wa pango, hewa ya kaboni hulitoka, na chembe ya chokaa hubaki pale lilipokuwa likining'inia. Tone lijalo huongeza chembe nyingine, na linaloanguka huanza kujenga kutoka sakafuni kwenda juu. Kazi hii haina haraka: maisha ya mtu yanaweza kwisha na stalaktaiti ikawa imerefuka kwa urefu wa kidole tu, au hata pungufu ya hapo. Mgeni anayeivunja ili apate kumbukumbu ya kuweka kabatini amevunja kitu kilichoanza kabla ya kijiji chochote kilicho hapo jirani.

Ukiyaelewa hayo mawili, utaona kwamba pango lina paa, na paa hilo lina udongo, miti na mashamba ya watu. Matone yanayojenga ndani yanategemea mizizi iliyo nje. Miti ikifyekwa juu, mvua haizami taratibu tena. Inakimbia, inabeba udongo na kuusukuma kwenye nyufa, na matope yanayoingia humo hayana wa kuyafagia. Kwa hiyo mtu anayetaka kulielewa pango la Amboni anapaswa kwanza kupita juu yake, na kilicho bora kumpitisha huko ni baiskeli.

Tanga kuna sababu ya ziada ya kufanya hivyo. Huu ni mji wa baiskeli. Ardhi yake ni tambarare, mitaa yake imenyooka, na kuona mama amevaa baibui akiendesha kwenda sokoni huku kapu likiwa kwenye karia si kioja hata kidogo. Mafundi wapo, vipuri vipo, na anayepata pancha hakai barabarani akisubiri msaada kutoka mbali. Watalii wengine huulizia baiskeli za milimani zenye gia nyingi. Kwa njia hii hazihitajiki sana. Phoenix nzito yenye breki nzima na tairi zilizojazwa vizuri inatosha, mradi kiti kirekebishwe kulingana na urefu wa mwendeshaji. Jambo hilo dogo linapuuzwa mno. Kiti kikiwa chini, magoti yanaanza kuuma kabla hujafika Kiomoni, na mgeni huilaumu baiskeli.

Ratiba ninayoipendekeza inaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Joto la Tanga halina mzaha, na barabara ya Horohoro ni ya malori na mabasi ya mpakani. Alfajiri kuna magari machache na hewa bado haijapata joto. Lami itumike kwa sehemu fupi iwezekanavyo, kisha msafara uingie njia za vumbi za vijijini, katikati ya minazi, mihogo na mashamba ya mkonge. Hapo mwendo upungue. Kundi la wageni wakipita vijiji vya Wadigo na Wabondei bila salamu, wamevuka uwanja wa watu bila hodi. Wazee wanaamkiwa shikamoo, na mwenye haraka ya kutosubiri marahaba angebaki hotelini. Mwongozaji mzuri hufundisha maneno hayo mawili kabla ya kufundisha breki.

Mkonge nao unastahili kusimamishiwa baiskeli, kwa muda mrefu zaidi ya ule wa kusema "haya ni mashamba ya mkonge" na kuendelea. Mmea huu uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, ukapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutoka hapo ukaubadilisha uso wa mkoa mzima. Mwaka huo huo Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga kwenda bara. Msitu ulifyekwa, vibarua wakaletwa kutoka mbali, na vijiji vikajikuta vimezungukwa na mistari ya majani yenye miiba. Mwaka 1964 uzalishaji wa nchi ulifika takriban tani 230,000, na Tanganyika ilihesabiwa kati ya vinara wa dunia. Kampuni ya Amboni ilikuwa moja ya majina makubwa ya zao hilo, na mapango yalikuwa ndani ya eneo lake. Serikali ya kikoloni ya Uingereza iliyatangaza kuwa eneo la hifadhi mwaka 1922, na baada ya Uhuru, mwaka 1963, yakakabidhiwa idara inayoshughulikia mambo ya kale. Miaka ya karibuni usimamizi umepelekwa Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro. Mgeni akisikia haya akiwa amesimama kando ya shamba lenyewe, jasho likimtoka, ataelewa kwa nini msitu umebaki vipande vipande na kwa nini ule uliosalia kandokando ya Mkulumuzi ni wa thamani kubwa.

Kutoka mkongeni njia ipande kwenye miinuko ya mawe. Hapa baiskeli zisukumwe kwa mkono. Ndipo mwongozaji awaonyeshe wageni jiwe la chokaa likichungulia kwenye udongo mwekundu, nyufa zilizojaa majani makavu, mizizi ya mitini iliyojipenyeza humo ikitafuta maji. Awaambie wazi kwamba baadaye kidogo watakuwa chini ya mawe kama haya. Wakishaingia ndani na kuona mzizi umening'inia kutoka darini, hatahitaji kueleza tena.

Hapa nazungumza na waongozaji wenyewe, maana siku hii huharibika au kutengemaa mikononi mwao. Tatizo ninaloliona ni kwamba siku ina waongozaji wawili wasiozungumza. Wa kutoka mjini anajua njia na baiskeli, lakini akifika mlangoni hunyamaza kwa sababu ndani kuna mwenyeji wa pango. Mwenyeji wa pango anajua kila pembe ya ukumbi, lakini hajui wageni wamepita wapi wala wameambiwa nini. Habari inakatika pale pale ilipopaswa kuungana. Hawa wawili wakae pamoja siku moja kabla ya msimu, wapitie njia yote kwa baiskeli, wagawane maelezo. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kinachopatikana.

Halafu kuna hadithi. Kila aliyeingia Amboni ameambiwa kwamba njia zake hufika Mombasa, na nyingine Kilimanjaro. Ameambiwa pia habari ya Wazungu waliopotea humo na mbwa wao, na mbwa akaja kuonekana mamia ya kilomita mbali. Sina ugomvi na hadithi. Ni mali ya mahali, na pango lisilo na hadithi ni pango lisilo na majirani. Ugomvi wangu ni kuzisimulia kama taarifa. Mwaka 1994 watafiti wa Kijerumani na Kituruki walipima mapango kumi, na refu kuliko yote likawa na mita 900. Mwongozaji anayeitaja namba hiyo hapotezi wateja. Ana nafasi ya kuwaeleza kwa nini njia ya Kilimanjaro haiwezekani: kati yake na Tanga kuna milima ya Usambara, ambayo mawe yake ni ya kale mno na maji hayayayeyushi kama yanavyoyeyusha chokaa, na Kilimanjaro chenyewe kimejengwa kwa mawe ya volkano. Pango la namna hii hufuata chokaa, na chokaa ikikoma, nalo hukoma.

Ile ya Mombasa ina kivuli cha kweli ndani yake, na hili ndilo linalonifurahisha zaidi. Mawe ya chokaa ya zama hizo hizo za Jurasiki yanaonekana tena upande wa Kenya, nyuma ya Mombasa, sehemu za Kambe. Hakuna njia ya kupita chini kwa chini, maana kati ya sehemu hizo mbili kuna mito na udongo usio chokaa, na sehemu za chini zingejaa maji. Lakini bahari iliyoweka mawe hayo ilikuwa moja. Waliosimulia kwamba Amboni na Mombasa zimeungana hawakuwa na vyombo vya kupimia, na bado waliunganisha mahali ambapo jiwe lenyewe linaunganisha. Mwongozaji akilisema hili polepole, gizani, tochi zote zikiwa zimezimwa kwa dakika moja, atakuwa amewapa wageni kitu wasichoweza kukisoma kwenye kipeperushi.

Pia wapo Osale Otango na Paulo Hamisi, waliojificha humu miaka ya 1950 wakiwindwa na serikali ya kikoloni. Wengine huwataja kama wapigania uhuru wenye uhusiano na Mau Mau, wengine kama wanyang'anyi waliowaibia matajiri. Mwongozaji aseme zote mbili. Msikilizaji mzima ana akili ya kubeba mambo mawili kwa pamoja.

Kuna jambo la kusemwa kwa heshima zaidi, nalo ni mzimu wa Mabavu. Watu bado hufika kuomba, kuchoma ubani, kuacha sarafu, vitambaa na vyakula, wengi wao wakiwa na haja ya mtoto au ya kupona. Kwa mgeni wa baiskeli aliyevaa kofia ya plastiki na kamera kifuani, ni rahisi kulichukulia jambo hili kama sehemu ya maonyesho. Sheria iwe moja tu: panapoombwa, hapapigwi picha, na kama kuna mwombaji, kundi lisubiri nje. Waombaji walikuwa wageni wa pango hili kabla ya watalii.

Juu ya popo ninataka kusema kwa ukali kidogo. Popo ni fahari ya Amboni. Kutoka kwao kwa maelfu jua linapozama ni jambo ambalo mtu hulisimulia miaka mingi, na wale walao matunda husambaza mbegu na kuchavusha maua ya miti katika bonde hili hili tulilopita kwa baiskeli. Hawapaswi kuguswa wala kutupiwa mawe ili waruke kwa ajili ya picha. Vilevile afya ya wageni isichezewe. Mwaka 2008 watalii wawili waliotembelea Python Cave katika msitu wa Maramagambo nchini Uganda, kwa nyakati tofauti, waliugua Marburg. Mmoja, raia wa Uholanzi, alifariki. Pango hilo lilikuwa makazi ya popo walao matunda wa jamii ya Rousettus, ambao sayansi imethibitisha kuwa hubeba virusi hivyo. Sisi wenyewe tulipata mlipuko wa Marburg mkoani Kagera mwaka 2023, na tena Januari 2025. Sisemi Amboni ina Marburg. Nasema pango lolote lenye popo linadai viatu vilivyofunikwa, mikono isiyogusa kuta zenye kinyesi, kutokula wala kunywa ndani, na ndoo ya maji yenye sabuni mlangoni wakati wa kutoka. Vumbi la kinyesi cha popo laweza pia kuwa na fangasi wanaoumiza mapafu, na mwenye pumu aambiwe hivyo kabla ya kulipa. Uganda hawakuishia kulifunga pango lao; walijenga mahali pa kutazamia kwa mbali, nyuma ya kioo, na wageni wakaendelea kwenda.

Anayetaka kuwaona popo wakitoka asirudi mjini kwa baiskeli. Giza, malori na baiskeli zisizo na taa ni mchanganyiko wa mauti. Kirikuu kimoja hubeba baiskeli nane kwa urahisi, na wageni wakarudi kwa bajaji au gari. Mwandaaji asiye na mpango huo awarudishe watu kabla ya saa kumi na moja jioni, popo wawe wa siku nyingine.

Mvua nayo. Tarehe 23 Juni 2018, vijana 12 wa timu ya mpira na kocha wao waliacha baiskeli zao mlangoni mwa pango la Tham Luang, kaskazini mwa Thailand, wakaingia. Mvua ikanyesha nje, maji yakafunga njia. Baiskeli zilizobaki pale nje ndizo zilizoonyesha kwamba watoto wako ndani. Wote walikuwa wametolewa kufikia Julai 10, lakini mzamiaji Saman Kunan alikufa akiwahudumia. Karibu na kwetu, katika Hell's Gate ya Naivasha, ambako wageni hukodi baiskeli getini na kuendesha hadi kwenye korongo, mafuriko ya ghafla yaliwaua watu Aprili 2012 na tena Septemba 2019. Maji yanayoua katika makorongo na mapango huweza kutoka kwenye mvua iliyonyesha mbali, huku juu ya kichwa chako kukiwa na jua. Sehemu ya Amboni wanayopitishwa wageni si Tham Luang, ni fupi na imezoeleka. Hata hivyo bonde ni la mto, na masika ya Machi hadi Mei si wakati wa kulazimisha ratiba. Kila mwongozaji ahesabu watu wakiingia, ahesabu wakitoka, na amwachie idadi hiyo mtu aliyebaki nje akilinda baiskeli.

Mlinzi huyo ananipeleka kwenye fedha. Gari linapokwenda moja kwa moja hadi mlangoni, malipo hugawanyika kati ya kampuni na geti, na kijiji hubaki na vumbi. Ninh Binh, Vietnam, ambako safari kama hii ni ya kila siku kutoka Hanoi, mto wenyewe ulileta suluhisho: pale Tam Coc Mto Ngo Dong unapita chini ya mapango matatu, kwa hiyo kila mgeni lazima apande mtumbwi, na wapiga makasia ni wanakijiji, wengi wao wanawake, wengine wakipiga kwa miguu. Njia ya kuingia pangoni ni kazi ya kijiji. Kwetu mtumbwi hauhitajiki kuingia Amboni, lakini baiskeli inaweza kushika nafasi hiyo: za kukodi ziwe za watu wa Kiomoni na vijiji vya njiani, fundi awe wao, madafu yaangushwe kwenye minazi yao, mihogo na samaki wa mchana vipikwe kwao, na mlinzi alipwe kwa siku nzima kama mwongozaji msaidizi.

Na mwenye shamba lililo juu ya pango alipwe pia. Hili najua litaonekana geni, lakini Tanga wamekwisha kulikubali kwa mto wa jirani. Maji ya bomba ya jiji yanatoka bwawa la Mabayani, kwenye Mto Zigi unaotiririka kutoka misitu ya Amani, na mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya zaidi ya shilingi bilioni 50 kwa ajili ya maji na hifadhi ya chanzo chake. Kama jiji zima limeelewa kwamba kinachofanyika kwenye mteremko wa juu hufika kwenye bomba, haliwezi kushindwa kuelewa kwamba kinachofanyika juu ya Kiomoni hufika pangoni. Mkoa huu ni wa chokaa na saruji. Kiwanda cha Pongwe kimekuwa kikizalisha tangu 1980, na jiwe linalotengeneza saruji ni lile lile linalotengeneza mapango. Mahitaji ya ujenzi hayatapungua. Kwa hiyo njia ya baiskeli ichorwe kwenye ramani rasmi ya hifadhi, ipite juu ya mapango yote kumi yaliyopimwa na si lile moja la wageni tu, na kila shamba inalolivuka liwe na mkataba wa kuacha miti isimame kwa malipo yanayotokana na tiketi. Kazi ya kupima mipaka hiyo ianze kiangazi kijacho, kabla wachimba mawe hawajaifanya kwa namna yao.